Nimeambiwa mfupa wa taya ya juu hautoshi implanti, lazima niongezewe kwanza. Nani amefanya hii Nairobi?

Zuhura_SouthB

Assalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Naomba wenye ujuzi na waliopitia hii kitu mnisaidie mawazo maana tangu nitoke kwa daktari wa meno sijatulia.

Iko hivi. Zamani kidogo niling'olewa magego mawili ya juu upande wa kulia. Yalikuwa yameoza mpaka ndani na pesa ya kutibu mzizi haikuwepo, kwa hivyo kung'oa ndio ikawa njia. Nikakaa na pengo kwa sababu hata nikicheka halionekani. Sasa miaka yote hiyo nimekuwa natafuna kushoto tu, huko kushoto jino moja limeshapasuka, na huku kulia gego la chini naliona limeanza kupanda juu kama linatafuta mwenzake. Nikajikusanya nikaenda nikitaka niwekewe implanti, lile jino bandia linalokazwa ndani ya mfupa, nimalize haya mambo.

Daktari akapiga eksirei ile ya kuzunguka kichwa, akasema haimtoshi, nikatumwa skani. Akanionyesha kwa kompyuta, hapo juu mfupa uliobaki ni milimita 4, na juu yake kuna uwazi mweusi anasema ndio sainasi. Implanti haina pa kushika. Kwa hivyo anataka afungue kidirisha kwa ubavu wa taya, ainue ile ngozi ya ndani ya sainasi, ajaze unga wa mfupa chini yake, nishonwe, nikae miezi 6 au zaidi ndio implanti ziingie, halafu nikae tena ndio meno yenyewe yawekwe juu. Mfupa peke yake ameniambia elfu 85, implanti ni hesabu nyingine.

Maswali yangu sasa. Huo mfupa ulienda wapi na mimi sijawahi kuugua taya? Unga ameniambia ni wa ng'ombe, lakini kuna utando wa kufunikia ambao hakusema ni wa nini, na mimi ni Muislamu, nataka kujua kabla sio baada. Uchungu ni wa kiasi gani? Nina duka Eastleigh na ni mimi mwenyewe nauza, siwezi kufunga wiki mbili. Na mzee wangu anasema huu ni ujanja wa kula pesa, ati mbona wengine wanawekewa implanti siku hiyo hiyo na kurudi nyumbani. Nipeni ukweli tafadhali.

dakta_wa_magego

Waaleikum salaam dada. Mimi ni daktari wa meno hapa hapa Nairobi. Siwezi kukutibu kwa simu wala kumpinga mwenzangu bila kuona skani, ila mambo ya jumla nitakueleza, maana inaniuma nikiona mgonjwa anapewa fomu asaini kitu ambacho hajaelezwa akaelewa.

Tuanze na mfupa ulienda wapi. Ule ukingo wa taya unaoshika meno upo kwa ajili ya meno tu. Ukitafuna, jino linausukuma mfupa kupitia nyuzinyuzi zilizozunguka mzizi, na mfupa ukisukumwa hivyo kila siku unaendelea kujijenga. Jino likitoka, kazi imeisha, na mwili huanza kuunyonya. Si ugonjwa. Tena haungoji, sehemu kubwa hupotea ndani ya ile miezi michache ya kwanza, na mwaka ukiisha pahali pa gego panaweza kuwa pamepoteza kama nusu ya upana wake. Ukuta wa upande wa shavu ndio hutangulia kwa sababu ndio mwembamba. Wewe sasa una jambo la pili juu ya hilo. Sainasi ni chumba cha hewa ndani ya shavu, kimekaa juu ya mizizi ya magego ya juu, na magego yakitoka sakafu yake hushuka. Kwa hivyo mfupa wako umepungua kutoka chini na kutoka juu kwa pamoja. Milimita 4 kwa mtu aliyekaa na pengo hapo ni kitu tunakiona kila mara.

Mbona wengine siku hiyo hiyo? Kwa sababu mfupa wao upo. Implanti ni skrubu ya titani, kawaida urefu wake ni milimita 8 hadi 10 na kuendelea, na inasimama kwa kuwa mfupa wenyewe unakua na kuishika. Aliyelithibitisha hilo ni Brånemark wa Sweden, mgonjwa wake wa kwanza akawekewa mwaka 1965. Mtu akiwa na milimita 6 au 7 pale juu, tunaweza kuinua sakafu ya sainasi kidogo kupitia tundu lile lile la implanti na kumaliza yote kwa kikao kimoja. Ukiwa na 4, wengi wetu tungefanya alivyosema daktari wako, dirisha la pembeni, mfupa kwanza na implanti baadaye. Wapo wanaoweka vyote pamoja hata kwa 4 ikiwa mfupa ni mgumu na implanti imekazika, lakini hiyo anaamua aliye na skani mbele yake. Mwambie mzee kwa heshima kwamba si ujanja, upasuaji huu wa sainasi umeandikwa kwenye majarida ya udaktari tangu 1980.

Sasa unga. Kuna mfupa wako mwenyewe, unaotolewa kidevuni, au nyuma ya magego ya chini, au kwenye nyonga kama kinachohitajika ni kingi. Kuna wa binadamu aliyefariki na kujitolea, umesafishwa. Kuna wa mnyama, hasa ng'ombe. Na kuna wa kutengenezwa kiwandani, madini ya kalsiamu na fosfeti tu. Wa ng'ombe hupitishwa kwenye joto kali na kemikali mpaka protini na mafuta vyote vitoke, kinachobaki ni madini yenye vitundu vidogo vidogo, hakuna seli wala damu ya mnyama mle ndani. Na hapa naomba unisikilize vizuri, ule unga wenyewe haugeuki kuwa mfupa wako. Unafanya kazi ya zile fito tunazosimamishia maharagwe yapande. Mishipa yako ya damu na seli zako ndizo zinapanda juu ya hizo chembe na kujenga mfupa mpya katikati yake, na hiyo ndiyo miezi 6 unayoambiwa usubiri. Daktari anaweka fito, mwili wako ndio unajenga. Kwa hivyo chochote kinachodhoofisha mwili kujenga, sigara, sukari isiyodhibitiwa, ugonjwa wa fizi ambao haujatibiwa, kinaharibu kazi hata kama daktari ana mkono wa dhahabu.

Chembe za ng'ombe huyeyuka polepole sana, nyingine zitakaa miaka ndani ya mfupa mpya na hazina tatizo, tena zinasaidia mfupa usisinyae. Wako mwenyewe una seli hai, unashika haraka, lakini nao hupungua haraka zaidi, na utakuwa na kidonda mahali pawili.

Swali langu kwako: yale magego yaliyotoka ni yepi hasa? Nyuma yake kuna jino lolote?

baba_Wanjiru

Dada pole. Mimi niliongezewa mfupa taya ya chini, si sainasi, kwa hivyo yangu chukua tu kama fununu ya uchungu na kazi.

Nilitolewa kipande cha mfupa nyuma kabisa ya magego ya chini wakakifunga mbele kwa skrubu ndogo, wakajaza unga kando kando. Ganzi tu, niko macho. Uchungu wakati wa kazi hakuna kabisa, ila utasikia mashine, utasikia mtetemo unaingia mpaka sikioni, na mtu muoga hiyo ndio inamshtua. Uliza kama wanaweza kukupa dawa ya kutuliza, wengine wanayo. Jioni ganzi ikiisha ndio unajua. Dawa za maumivu nilimeza kwa saa bila kungoja uchungu ufike, hiyo ni siri mama mkwe wangu alinipa, na ilisaidia. Uso unavimba zaidi siku ya pili na ya tatu, ukijitazama kwa kioo unaweza ukalia, halafu unaanza kushuka. Kwa hivyo usihesabu siku ya kwanza ukasema umepona.

Chakula ni uji wa baridi, viazi vya kuponda, ndizi, supu iliyopoa, mayai laini. Mimi ni mekanika Kirinyaga Road, daktari alinikataza kuinua gari na vitu vizito wiki ya kwanza na zaidi kwa sababu ukijikaza damu inaanza tena. Wewe wa duka nadhani siku chache tu utarudi, lakini tafuta mtu wa kukubebea marobota na wa kukuongelea na wateja.

Kitu kimoja watu hawaambiwi, mdomo wangu wa chini upande mmoja ulikaa na ganzi muda mrefu sana, kumbe huko chini kuna mshipa wa neva unapita ndani ya taya. Ulirudi polepole. Wewe ni juu kwa hivyo hiyo ya mdomo wa chini haikuhusu, lakini kama kuna anayesoma hapa anataka kufanyiwa chini, uliza habari ya huo mshipa kabla.

Na nilikuwa navuta. Daktari alikataa hata kunipangia siku mpaka niache, akaniambia moshi unabana mishipa midogo ya damu na mfupa mpya unakufa njaa. Nilikasirika siku hiyo. Sasa hivi namshukuru kila nikiuma mahindi choma.

Nyaboke_Rongai

Zuhura kuhusu utando nakuelewa sana kwa sababu sisi ni Wasabato na nguruwe hatugusi, na nilipitia hilo swali mwenyewe.

Usiulize "ni salama?" pekee, mwambie daktari akuonyeshe boksi. Usione haya, boksi linaandikwa kila kitu. Mimi nilionyeshwa unga wa Bio-Oss, wa kampuni ya Geistlich ya Uswisi, huo ni wa ng'ombe. Nikafurahi nikataka kusaini. Halafu nikauliza na wa kufunikia? Bio-Gide, kampuni hiyo hiyo, kolajeni (aina ya protini) ya nguruwe. Yaani mtu angeniambia tu "mfupa ni wa ng'ombe" na angekuwa hajadanganya, lakini ningetoka pale na kitu nisichotaka. Na kuna ingine inaitwa Bio-Oss Collagen, jina linafanana, ni ng'ombe lakini wamechanganya na kolajeni kidogo ya nguruwe ili ishikane kama sponji. Kwa hivyo soma mpaka mwisho.

Habari njema ni kwamba kuna tando za kolajeni ya ng'ombe, na kuna unga wa kiwandani usio na mnyama hata mmoja. Daktari wangu hakununa, aliagiza ingine, nikangoja kidogo ikafika. Pia aliniambia kuna ule utando wa damu yako mwenyewe, wanakutoa damu kwa mkono kama ya maabara, wanaizungusha kwa mashine mpaka inatengana, wanapata kitu kama jeli nzito ya manjano, wanaibana inakuwa utando. Ilianzishwa na daktari Mfaransa anaitwa Choukroun mwaka 2001. Mimi waliongeza hiyo juu na fizi ilifunga vizuri.

Khalfan_Pangani

Nyaboke umesema vyema kuliko ningesema mimi. Dada Zuhura, kwa upande wa dini wanazuoni wamehitilafiana, wapo wanaosema kitu kikibadilika umbile lake hukumu nayo inabadilika, na wapo wanaosema haifai ila kwa dharura ambapo hakuna badala. Sasa hapa badala ipo, ya ng'ombe na ya kiwandani, kwa hivyo ni rahisi tu kuitafuta na moyo ukatulia. Hata wa ng'ombe wengine watauliza alichinjwa vipi. Mwendee sheikh unayemwamini ukiwa na jina la bidhaa mkononi, usiende na maneno "mfupa wa ng'ombe" tu, atashindwa kukujibu.

Otis_Umoja

Mimi naona mnamsukuma dada kwa gharama. Kwani briji imeenda wapi? Mama yangu aliwekewa briji, meno mawili ya pembeni yakachongwa, la katikati likaning'inia, hakuna kupasua wala kungoja nusu mwaka. Na kama pesa ni shida kuna pleti za kutoa na kurudisha, watu wamezeeka nazo. Elfu 85 ya unga jamani, na bado implanti!

Zuhura_SouthB

Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili. Dakta, magego yaliyotoka ni ya mwisho kabisa. Jino la akili upande huo halijawahi kutoka na kwa skani halipo. Kwa hivyo nyuma hakuna kitu, mbele ndio kuna yale madogo mawili na ni mazima.

Otis hata mimi hilo swali la briji nilikuwa nalo.

dakta_wa_magego

Otis swali lako ni zuri na kila mgonjwa anastahili kuulizwa hilo kabla ya implanti. Lakini briji inataka nguzo mbele na nguzo nyuma. Dada hana ya nyuma. Kuchonga yale madogo mawili mazima na kuning'iniza gego nyuma yake bila nguzo, hapo ambapo nguvu ya kutafuna ni kubwa kuliko kote mdomoni, ni kuyavunja yote mawili baadaye. Mimi singefanya.

Pleti inawezekana. Ni bei nafuu, haihitaji mfupa, haihitaji kisu. Upande mbaya ni kwamba ikiwa ya upande mmoja nyuma hivyo inacheza, na haizuii mfupa kuendelea kupungua, kwa sababu inakaa juu ya fizi tu. Implanti fupi za milimita 6 zipo pia na zimesaidia wengi kukwepa kuongezewa mfupa, ila kwa 4 hazitoshei.

Na kuna njia ambayo madaktari tunasahau kuitaja, kuacha. Kuna watu wanaishi bila magego ya mwisho na wanakula vizuri. Kinachonifanya nisikuambie hivyo dada ni lile gego la chini linalopanda. Likipanda sana litaziba nafasi ya jino la juu na mizizi yake itabaki wazi, na huko kushoto kumeshaanza kupasuka kwa kubeba kazi yote. Ukiamua kungoja pesa, sawa, lakini mwambie daktari akupe kitu cha kulizuia hilo la chini wakati unangoja.

Na wengine wote mnaosoma, mkienda kung'olewa jino ambalo mnapanga kuliweka tena siku moja, ulizeni siku hiyo hiyo kuhusu kujaza shimo. Likijazwa unga na kufunikwa wakati bado ni bichi, mfupa hupungua kidogo sana kuliko ukiacha hivi hivi, na kazi yake ni ndogo mno ukilinganisha na kufungua sainasi miaka baadaye. Haimalizi upungufu wote, na si kila jino linahitaji, ila swali lenyewe ni bure.

Atieno_K

Naongeza langu kwa sababu neno hili la kuongeza mfupa linamaanisha vitu vingi. Kaka yangu alipata uvimbe kwenye taya ya chini, ameloblastoma. Si saratani ya kusambaa lakini unakula taya polepole na hauumi, ndio maana alikaa nao akidhani ni jino. Walikata kipande kizima cha taya upande mmoja, wakaunganisha na bamba la titani, na baadaye wakachukua mfupa wa nyonga kujaza. Alichechemea kwa muda, nyonga ilimuuma kuliko mdomo. Leo anakula ugali na nyama kama sisi.

Nasema hivi Zuhura usifikiri yako ni ya kutisha namna hiyo. Yako ni unga kidogo na ganzi ya kawaida. Lakini kwa wengine, ukiona taya inavimba bila uchungu au meno yanasogea yenyewe usipake dawa ya mitishamba ukingoja, nenda upigwe eksirei. Madaktari wapasuaji wa mdomo na taya wapo hapa Nairobi, na pale Chuo Kikuu cha Nairobi, hospitali yao ya meno iliyo barabara ya Argwings Kodhek, wanafundishwa kazi hiyo.

Zuhura_SouthB

Atieno mshukuru Mungu kwa kaka yako, nimesisimka kusoma.

Dakta nina mawili ya mwisho. Ile siku daktari hakuniuliza na mimi sikumtajia, nina sukari, si ya sindano, natumia metformin, ila siku zingine inapanda. Je, hiyo inanizuia kabisa? Na pili tuna harusi Mombasa na nilikuwa nimepanga kuruka na ndege kama siku kumi hivi baada ya huo upasuaji.

dakta_wa_magego

Dada hilo la sukari ndilo kubwa kuliko yote tuliyoandika hapa, mpigie simu kesho asubuhi kabla hamjapanga siku. Halikuzuii kabisa. Sukari ikiwa imetulia, watu wanaongezewa mfupa na wanapona. Ikiwa juu, damu inafika vibaya kwenye kidonda, vijidudu vinashamiri, na unga unaweza kuoza ukatoka wote. Nenda upimwe HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha sukari ilivyokuwa kwa miezi 3 hivi iliyopita, sio ile ya kudunga kidole asubuhi. Ikija karibu na 7 mimi ningeendelea bila wasiwasi mwingi, ikija 9 ningekurudisha kwanza kwa daktari wako wa sukari na hakuna aibu katika kungoja. Mtajie pia dawa zote. Na kama kuna mtu hapa anatumia dawa za kukaza mifupa, alendronate au sindano ya zoledronic ya wagonjwa wa saratani, asifanyiwe upasuaji wowote wa taya bila kusema, kwa sababu dawa hizo zinaweza kufanya mfupa wa taya ushindwe kupona ukabaki wazi. Hilo limejulikana tangu 2003.

Ndege, ahirisha. Sainasi ni chumba cha hewa, na ile ngozi iliyoinuliwa ni nyembamba mno, presha ya ndege ikibadilika inaweza kuisumbua kabla haijashikana. Wengi wetu tunaomba mgonjwa akae kama wiki 2 au zaidi. Panda treni ya SGR, au sogeza upasuaji uwe baada ya harusi, tena hapo utakula biriani bila mashaka. Kwa sababu hiyo hiyo usipenge kamasi wiki hizo mbili, chafya ikija fungua mdomo itoke huko, usinywe soda kwa mrija, lala kichwa kimeinuka. Damu kidogo puani upande huo siku ya kwanza ya pili si ajabu. Chembe mbili tatu za unga mdomoni pia si ajabu. Lakini usaha, harufu, homa, au uvimbe unaozidi baada ya siku ya nne badala ya kushuka, usingoje siku ya miadi, rudi.

Ile ngozi ya sainasi kuchanika wakati wa kazi ndio tatizo la kawaida zaidi la upasuaji huu. Kikiwa kitundu kidogo hufunikwa kwa utando na kazi ikaendelea, kikiwa kikubwa daktari mwaminifu atasimamisha, akushone, mrudi baada ya miezi. Muulize amepanga kufanya nini ikitokea, na jinsi anavyolijibu hilo utamjua.

Kwa bei, hiyo 85 siwezi kusema ni juu au chini bila kujua ndani kuna nini. Uliza kama imebeba utando, dawa, kutoa nyuzi na kurudi kuangaliwa, na skani nyingine kabla ya implanti. Uliza pia ikishindikana nani analipa unga wa pili. Aandike. Kama una bima ya kazini ya mzee, ombeni jibu la maandishi kabla, nyingi zinalipa kung'oa na kuziba lakini implanti na mambo yake zinaweka nje. Na jina la daktari na la kliniki litafute kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na wa meno Kenya, mtandaoni, ni dakika moja tu.

Otis_Umoja

Dakta nimekuelewa hapo kwa nguzo ya nyuma. Dada fanya na amani, ila hiyo ya kuandikiana usiiruke.

Zuhura_SouthB

Nimempigia. Amesema nilete HbA1c kwanza na hajakasirika, hata ameniomba radhi kwa kutoniuliza sukari. Utando alikuwa ameagiza wa nguruwe, ameahidi kutafuta wa ng'ombe na atanitumia picha ya boksi kwa WhatsApp. Mzee amesoma haya yote jana usiku akiwa kimya, asubuhi akaniuliza hiyo harusi ni tarehe ngapi ili tupange upasuaji baada yake. Naenda maabara Alhamisi, majibu nitayaweka hapa mnisaidie kuyasoma.